Anguka Nione

Siku nilipoanguka tulikuwa watu wawili nyumbani, na hakuna kati yetu aliyeweza kuinuka.

Nilikuwa napeleka uji kwa binti yangu. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa na kizingiti cha mti. Marehemu mume wangu alikiweka juu ili maji ya mvua yasiingie, na mimi nimekivuka tangu nikiwa bibi arusi. Asubuhi hiyo mguu wa kwanza ulivuka, wa pili ukagoma. Nikarudi kinyumenyume. Mtu akianguka mbele, mikono hutangulia ikashika kitu. Akianguka nyuma hana cha kushika ila hewa. Nikalala chali, kichwa nje juani, miguu juu ya kizingiti.

Binti yangu hawezi kutembea. Polio ilimchukua miguu akiwa bado ananyonya, na wakati huo ninaosimulia alikuwa mwanamke mzima, mvi zimeanza kumchungulia. Kutoka kitandani aliona nyayo zangu tu.

"Mwaitu," akaita. Mwaitu kwetu ni mama. "Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi amka."

"Siwezi."

"Haya. Leo basi tumelingana."

Nilicheka, na kile kicheko ndicho kilichoniambia kwamba mbavu zimeumia.

Ilikuwa siku ya soko, watu wote wameteremka. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Jua likapanda, likanikalia usoni. Kuku wakaja wakanywa uji uliomwagika kando ya sikio langu, na mimi siwezi hata kuwafukuza kwa "ishi!". Binti akasema atashuka kitandani aje kwa matako. Nikamkemea: "Na wewe ukianguka, nani atasema tuko hapa?" Nilijaribu kuamka vile ninavyoamka kila siku, kukaza tumbo na kutupa kichwa mbele. Mgongo ukakataa. Nikajaribu tena, mpaka mkojo ukanitoka. Hapo nikalia, na si kwa sababu ya mbavu.

Sisi watu wa ukame tunajua ng'ombe aliyelala asiamke. Majirani huitana wakamwinua, wengine ubavuni, mmoja mkiani, wakimtia moyo kama mtoto. Akikataa, utawasikia wameanza kuzungumzia kisu na bado mkia wameushika. Nililala pale nikiwaza: leo ng'ombe ni mimi, na hata wa kushika mkia hayupo.

Jua lilipopoa, jirani mmoja alikuja kuazima ungo, akatukuta. Jina lake ninalo, na la babake, na la fahali aliyetangulia katika mahari yake. Majina yote ya huu mlima ninayo kichwani, hata ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Lakini jina la mtu ni mali yake, sitaliweka hapa bila kumwomba, na wengi wao sasa siwezi kuwaomba.

Lazima niseme tulivyokuwa tukiishi kabla ya hapo. Sisi wanawake wa Ukambani hubeba mzigo mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Maji, kuni, mahindi, vyote nimebeba kwa mukwa, na binti yangu nilimbeba kwa huohuo. Alipokuwa mdogo nilimfunga kwa leso kama watoto wote. Alipokua, nikamkunjia gunia, akaketi ndani yake mgongoni kwangu, mukwa ukishika uzito. Hakuwa mzito, miguu yake ilikuwa kama miwa ya kiangazi. Nilimpeleka shambani, kanisani, matangani. Hata darasa la ngumbaru, pale niliposomea kuandika nikiwa mama mzee, tulienda wawili, yeye akisoma ubao juu ya bega langu na kuninong'oneza majibu. Mwalimu alisema mwanafunzi wake mmoja ana vichwa viwili.

Kisha watu wa kanisa wakaleta kiti cha magurudumu. Waliimba, wakapiga vigelegele, wakasali. Mama mmoja akanivua mukwa akasema, "Mama, pumzika sasa, umebeba vya kutosha." Akaufanya kamba ya kufungia mbuzi. Nilishukuru, kwa nini nisishukuru? Ila kiti kile kilizunguka uani tu. Nyumba yetu iko juu ya mteremko upande wa Kathiani, na gurudumu halijui matuta.

Na tangu siku ile mgongo wangu ulipoachwa mtupu, nikaanza kuyumba. Natembea kama gunia lisilo na kitu, hata upepo unaniuliza ninakwenda wapi. Nilijishika ukutani, nikajishika mti, nikacheka na watu. Mpaka kizingiti.

Kijana wangu anakaa Mlolongo, kazi yake ni kwenye machimbo ya mawe. Alipopata habari alikuja siku iliyofuata, vumbi la mawe bado liko kwa nyusi. Hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba.

"Mwaitu, nimeamua. Wewe utakuja kukaa na mimi. Huyu dada yangu, kuna nyumba ya masista, wanalea watu kama yeye. Nimeshawaona. Ni pasafi."

"Watu kama yeye ni watu gani?" dada yake akauliza.

"Usinianze."

"Nakuuliza tu. Watu weusi? Watu wa kanisa? Watu wenye kaka wakali?"

"Mwaitu, mwambie anyamaze."

Sikumwambia. Kijana akaketi mwishowe, akasema polepole, "Mtu yeyote wa huku akija Mlolongo, kabla sijamsalimia namwangalia uso, nione kama amekuja kuniambia ni wewe. Siwezi kuishi hivyo. Nyumba yangu iko ghorofani, ni chumba kimoja, siwezi kuwapandisha wote wawili. Ningeweza ningefanya."

Nilijua ni kweli. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Mtu akikukosea unaweza kupigana naye. Huyu alikuwa anatuokoa. Tangu nimzae yule binti hatujalala nyumba mbili. Yeye hageuki kitandani bila mkono wangu, na mimi, Mungu anisamehe, sijui kulala bila kumsikia akipumua. Masista wangemgeuza, lakini mkono si wangu.

Nikamwomba. Nilimwomba mtoto wangu kama mtu anavyoomba chakula. Akasema: "Sawa. Twende hospitali Machakos. Kuna daktari wa mazoezi anapima wazee kama wanaweza kusimama. Akisema uko na nguvu, mimi nitafunga mdomo. Akisema huna, Mwaitu, usinililie tena."

Binti yangu alikuwa amesikia kutoka kwa muuguzi wa zahanati vile wanavyopima. Wanakuambia usimame mguu mmoja. Basi hiyo wiki yote akawa mwalimu wangu. Yeye kwenye kiti chake uani, mimi mbele yake nikishika ghala.

"Achia ghala."

"Nimeachia."

"Mwaitu, kile kidole ni cha nani?"

"Ni kimoja tu."

"Daktari ana macho. Inua mguu. Juu! Unasimama kama kuku aliyekanyaga kaa la moto."

"Njoo basi usimame wewe."

"Mimi nikisimama nani atafundisha?"

Tulicheka mpaka mbuzi akatushangaa. Lakini usiku nikimgeuza alinishika mkono kwa nguvu kuliko siku zote.

Tukaenda kwa pikapu ya kukodi, yeye nyuma na kiti chake kimefungwa kwa kamba, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mukwa niliufungua kwa mbuzi nikauweka ndani ya kikapu. Sikumwambia mtu.

Daktari wa mazoezi alikuwa msichana, koti jeupe, nywele fupi. Aliniita susu, vile wajukuu huita bibi zao kwetu, na aliuweka mkono wake mahali ambapo ningeweza kuunyakua nikiyumba. Niliona ni mtu mwema, nikaogopa zaidi.

Aliniketisha kwenye kiti, akasema nisimame bila kushika popote. Nilisimama, ila kwa kujirusha. Akasema niende hadi mstari uliopakwa rangi sakafuni, nigeuke, nirudi niketi. Kwenda nilienda. Kugeuka, miguu ilipiga vihatua vidogovidogo kama mtu anayetafuta sindano. Akasema niweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, nisimame hapo.

"Sasa funga macho, susu. Niko hapa."

Nikafunga. Giza likanivuta nyuma kama lina mikono. Nilipofungua macho nilikuwa kifuani kwa yule msichana, ananishikilia kwapani, na kijana wangu amesimama mlangoni, uso wake umefunikwa kwa kofia yake.

Mguu mmoja hakunipima hata. Yote tuliyojifunza kwenye ghala hayakuulizwa.

"Susu," akasema, "miguu imepungukiwa nguvu. Ukiishi hivi bila wa kukushika, utaanguka tena. Siwezi kusema uongo."

Kijana wangu akasema, "Asante, daktari," kama mtu anayepokea maiti.

Hapo akili ikanihama. Nilichukua mukwa kwenye kikapu. Nikachuchumaa mbele ya kiti cha binti yangu, aliyekuwa kando ya ukuta, mgongo kwake, nikauweka mkanda kwenye paji. "Nilikuwa nasimama nikiwa na huyu! Nipimeni na mzigo wangu! Panda, mwanangu. Panda waone!" Nilikuwa napiga kelele, watu wa foleni wanachungulia. "Panda!"

Hakupanda. Nikahisi mkono wake mgongoni, bapa, hausukumi.

"Mwaitu, hapana."

"Panda, nakuambia!"

"Tukianguka wawili hapa, watatuchukua wawili kwa njia mbili leo leo. Inuka."

Na unajua, sikuweza. Nilichuchumaa pale, nimeinama na mukwa usoni, miguu imekufa ganzi. Ujanja wangu wote ulikuwa umeishia kwenye sakafu ya hospitali. Kijana akaja kuninyanyua, daktari akamzuia kwa mkono.

"Ngoja," akasema. "Susu, siku ile uliyoniambia ulilala mlangoni, ulijaribu kuamkaje?"

Nikamwambia: kukaza tumbo, kutupa kichwa.

"Hivyo ndivyo vijana huamka." Akatandika mkeka, akajilaza mwenyewe na koti lake jeupe, chali, kama nilivyolala mimi. Akageuka ubavu. Akajisukuma kwa kiwiko. Akawa kwa magoti na mikono, akatambaa hadi kwenye kiti, akaweka viganja juu yake, akaleta mguu mmoja mbele, akapumzika, kisha akainuka. Polepole, kila hatua na pumziko lake. "Kuanguka siwezi kukuondolea kabisa," akasema. "Kulala hapo siku nzima, hiyo labda naweza."

Kijana wangu akasema hayo ni mazuri lakini hayabadilishi kitu. Daktari akasema yeye hapangi nyumba za watu. Tukatoka. Kwenye maegesho nikashika mkono wa kijana na mikono yangu yote miwili, nikamwambia: "Mpaka tuvune. Niache tuvune, halafu uje unichukue, sitalia." Aliangalia pembeni. Akakubali kwa kichwa, na sikujua kama alikubali kwa huruma au kwa kuchoka.

Sitasema ilikuwa rahisi, miezi ile. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikuja na majembe. Watu wa huku wanajua kuufanya mlima ulale. Matuta haya mnayoona yalichimbwa na mikono yetu. Walichimba njia tambarare kutoka mlangoni hadi jikoni hadi chooni, wakaishindilia kwa miguu wakiimba. Walitia msumeno kwenye kizingiti cha mume wangu. Niliugeuza uso wakati wa msumeno. Walinikatia pindo la rinda, wakatupa patipati zangu zilizoteleza, wakapigilia mti wa kushika chooni. Mimi nilisukuma kiti cha binti kwenye ile njia, vishikio vyake mikononi, na nikishika vile vishikio siyumbi sana. Yeye mbele, mimi nyuma, tumebadilishana.

Na kila siku, kabla ya jua kali, mkeka. Nalala chini na yeye anaagiza.

"Ubavu. Ubavu, Mwaitu, si tumbo, wewe si mjusi."

"Kiwiko kinauma."

"Kiache kiume. Breki nimeshika. Tambaa."

Kulikuwa na siku nilifika magotini nikabaki hapo, nimeweka kichwa kwenye mapaja yake, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Alinipapasa kichwa mpaka nguvu ikarudi, na siku nyingine haikurudi, tukaita jirani. Maharage yalianza kukauka shambani. Mtu mwingine hufurahi kuona maganda yakigeuka rangi. Mimi nilikuwa nayaangalia kama mtu anayeona askari wakipanda mlima.

Kijana alikuja tumeshaanika mahindi. Pikapu ileile, na nyuma ameweka godoro jipya, bado liko kwa nailoni, la kunilazia njiani. Alitembea juu ya ile njia ya mwethya, akaangalia mahali pa kizingiti. Alikunywa chai. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Umeanguka tena?"

Nilifungua mdomo, na dada yake akanitangulia.

"Ameanguka. Karibu na zizi la mbuzi."

Nilimtazama huyu mtoto niliyembeba miaka yote. Nikadhani ametuuza.

"Na nani alimwinua?" kaka akauliza, tayari ameweka kikombe chini.

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Aliamka. Akaja kuniambia mbuzi ana wazimu."

Kijana akacheka bila furaha. "Mnanidanganya. Mnanifunika macho nyinyi wawili, kama zamani." Akasimama. Akanitazama, na nikaona machozi, na nikaona pia kwamba hatayaruhusu. "Haya, Mwaitu. Anguka nione."

Jirani wa ungo alikuwepo, na wengine wa mwethya waliokuja kumsalimia mgeni. Mmoja akasema, "Aa, huyu ni mama yako!" Hakugeuka.

Nilivua kitambaa cha kichwa nikampa jirani. Nikashuka chini, kwa goti, kwa mkono, nikalala chali uani mbele ya mtoto niliyemzaa, rinda limejaa mavumbi, mbingu nyeupe juu yangu. Lilikuwa jua lilelile la siku ya kizingiti. Kuku wakaja. Safari hii nikawaambia ishi.

Nikageuka ubavu. Kiwiko kikateleza, nikarudi chini, mtu akashika pumzi. Kijana alipiga hatua.

"Usimguse!" dada yake akapiga kelele. "Ukimgusa nitakuuma, wallahi nitashuka hapa nikuume!"

Nikapumzika. Sikuharakisha, nani alikuwa na haraka ya kufika Mlolongo? Nikageuka tena. Kiwiko. Kiganja. Magoti. Nikatambaa kama mtoto, mawe madogo yakiingia kwenye ngozi, hadi kwenye kiti cha binti yangu. Alikuwa ameshavuta breki. Nikaweka viganja juu ya magoti yake, magoti ambayo hayajawahi kumbeba mtu, hata mwenyewe. Nikaleta mguu mbele. Nikamwangalia usoni. Hakusema "panda," hakusema "jaribu." Alisema tu, "Niko hapa."

Nikainuka. Niliyumba, nikashika mikono ya kiti, nikasimama.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kijana wangu alienda kwenye pikapu, akapanda nyuma, akakaa huko muda mrefu ametuonyesha mgongo. Kisha akafungua kamba, akaliteremsha lile godoro akiwa amelibeba kichwani, akapita nalo mlangoni pasipo kizingiti, akaliweka juu ya kitanda changu, kando ya kile cha dada yake.

"Nitakuja Krismasi," akasema. "Nitakuambia tena uanguke."

Alikuja. Aliniambia. Kila anapokuja ananiambia, na kila mara inachukua muda zaidi. Tunajua wote watatu kwamba iko siku nitalala hapo na kiwiko hakitasikia. Sijui ni lini. Ndiyo maana asubuhi, kabla sijatandika mkeka, naketi ukingoni mwa lile godoro nikiwa na woga mdomoni kama chumvi, na kutoka kitanda cha pili nasikia sauti ikiniambia: "Ubavu, Mwaitu. Anza na ubavu."